MAISHA YA MASHUHURI: Profesa Hele-Shaw na Vioo Vyake Viwili

Naandika kutoka Fordsburg, Johannesburg. Mhariri aliponiambia kwamba safari hii zamu ya ukurasa wa wasifu ni yangu, najua alitegemea nimlete Nyerere, Kenyatta au Lumumba kama kawaida yetu. Wote hao nawaheshimu. Lakini mimi ni mtu wa uhandisi, na mwaka jana niliokolewa na mzee mmoja wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1941, kwa hiyo nimeona deni langu nililipe hapahapa.

Anaitwa Henry Selby Hele-Shaw. Waliosoma uhandisi wa mitambo au wa mafuta jina hili wanalijua, ingawa wengi wetu, mimi nikiwemo, tulilijua kama jina la kifaa cha maabara tu. Tulikuwa hatujui kwamba nyuma ya kifaa kuna mtu. Na kumbe mtu mwenyewe aliwahi kuwa mkuu wa chuo katika mji huuhuu ninaoishi. Vile alivyoniokoa nitaeleza mwishoni, maana kwanza inabidi mumjue.

Alizaliwa tarehe 29 Julai 1854 huko Billericay, katika jimbo la Essex, Uingereza. Baba yake alikuwa mwanasheria, na jina la ukoo lilikuwa Shaw tu. Hele ni jina la upande wa mama, alijiongezea mwenyewe alipokuwa kijana. Alipofika miaka 17 hakwenda chuo kikuu. Alipelekwa Bristol kuwa mwanagenzi katika karakana ya mitambo, yaani mchana ni nyundo na tupa, jioni ni vitabu. Wale mliopitia ufundi kabla ya digrii mnajua maisha hayo yalivyo: unafika darasani mikono ina grisi na macho mazito kwa usingizi.

Juhudi zake zikazaa matunda. Alipata udhamini wa Whitworth, mfuko ulioanzishwa na mhandisi Joseph Whitworth kwa ajili ya vijana wanaojua vitu viwili kwa pamoja, kazi ya mikono na nadharia. Akaingia chuo cha Bristol, na mwaka 1881 akawa profesa wa kwanza wa uhandisi palepale. Miaka 4 baadaye, mwaka 1885, akahamia chuo cha Liverpool, na huko pia akawa profesa wa kwanza wa uhandisi. Tangu zamani, basi, alikuwa mtu wa kuitwa mahali ambapo bado hakuna kitu, aanzishe.

Kuna jambo la miaka hiyo linalonifurahisha mimi ninayeshinda mbele ya kompyuta. Hele-Shaw alifanya utafiti mkubwa juu ya vyombo vya kupiga hesabu kwa magurudumu na tufe: unapitisha ncha ya chombo juu ya mchoro, magurudumu yanazunguka, nawe unasoma jibu. Hesabu ambazo leo tunaiachia programu, wao waliziachia chuma. Kwa hiyo msidhani alikuwa mzee wa kuchukia mashine za hesabu. Alikuwa akizitengeneza.

Sasa tuje kwenye vioo. Liverpool ni mji wa bandari, na miaka ile meli zake zilikuwa zinakwenda dunia nzima. Wahandisi walikuwa na swali: maji yanapitaje ubavuni mwa meli inapokwenda? Wazee wetu wa pwani wanasema usione vyaelea, vimeundwa, na ni kweli kwamba umbo la chombo ndilo linaloamua kama maji yatakipisha kwa adabu au yatakipiga vita. Shida ni kwamba maji hayana rangi, huoni yanavyokwenda. Ukitia rangi, inavurugika na kuwa wingu, kwa sababu maji yanayokwenda kasi hujaa msukosuko.

Hele-Shaw alitaka kuwaonyesha watu njia hizo za maji ukutani, kwa taa ya kurushia picha. Akapitisha maji kati ya vioo viwili, katikati akaweka kipande chenye umbo la meli au la duara. Rangi ikamkatalia, ikawa vurugu tupu. Siku moja hewa kidogo ikaingia kwenye bomba kwa bahati mbaya, maji yakajaa viputo vidogo. Mwingine angekasirika, akafunga koki na kuanza upya. Yeye alitazama. Akaona kwamba karibu kabisa na kuta kuna utepe mwembamba ambao maji yake yametulia, hayana vurugu hata kidogo.

Hapo ndipo akili ya fundi ilipofanya kazi. Kama karibu na ukuta maji yanatulia, basi tuzilete kuta karibu mpaka mkondo wote uwe karibu na ukuta! Akavisogeza vioo hadi nafasi kati yake ikawa sehemu ndogo tu ya milimita. Vurugu ikaisha. Nyuzi za rangi zikapita zimenyooka, zikaachana mbele ya kile kipande na kukutana tena nyuma yake, kama watu wanaozunguka mbuyu njiani. Matokeo hayo aliyatoa mwaka 1898, na mwaka huohuo George Stokes, mwanahisabati mkubwa wa Cambridge, akaeleza kwa hesabu kwa nini inakuwa hivyo. Cha ajabu ni kwamba maji yaliyobanwa, ambayo mnato wake ndio unaotawala kila kitu, huchora njia zilezile ambazo hesabu inazitabiri kwa maji ya kufikirika yasiyo na mnato kabisa. Mwaka 1899 Hele-Shaw akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society.

Mwaka 1904 akapanda meli kuja Afrika Kusini. Vita vya Waingereza na Makaburu vilikuwa vimeisha miaka 2 tu nyuma yake, na migodi ya dhahabu ilikuwa inataka wahandisi. Shule ya migodi iliyokuwa Kimberley ilihamishiwa Johannesburg ikawa Transvaal Technical Institute, na Hele-Shaw akawa profesa wake wa kwanza wa uhandisi wa ujenzi, mitambo na umeme, yote matatu kwa mtu mmoja! Mwaka 1905 akawa mkuu wa taasisi. Hakukaa sana, baada ya muda mfupi alirudi Uingereza. Lakini mbegu iliota: taasisi ile ilipita majina kadhaa, na mwaka 1922 ikawa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambacho wengi wenu mnakijua kwa jina la Wits.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana naandika nikiwa Fordsburg. Mwaka huohuo wa 1904, mwezi wa Machi, tauni ya mapafu ilizuka katika mtaa wa Wahindi uliokuwa ubavuni mwa Fordsburg, mahali ambapo leo panaitwa Newtown. Gandhi, aliyekuwa wakili katika mji huu, alikuwa miongoni mwa waliowauguza wagonjwa. Wakubwa wa mji waliwahamishia wakazi Klipspruit, nje kabisa ya mji upande wa kusini-magharibi, na mwezi wa Aprili mtaa mzima ukachomwa moto. Walioondolewa walikuwa Wahindi na Waafrika waliokuwa wakiishi pamoja nao. Taasisi aliyokuja kuiongoza profesa wetu iliandaliwa kwa ajili ya vijana wa kizungu. Mtu kama mimi angeingia mle kwa kazi ya kufagia. Hata baadaye, sheria ya mwaka 1959 iliwazuia wanafunzi weusi kujiunga na vyuo kama Wits bila kibali cha serikali.

Sisemi haya ili kumhukumu Hele-Shaw peke yake, wala kumtetea. Nasema kwa sababu wasifu ukiacha mambo haya nje unakuwa picha iliyokatwa. Ninapokwenda sokoni Oriental Plaza, jengo lililojengwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kihindi waliofukuzwa Pageview miaka ya 1970, nakumbuka kwamba mipaka ya mji huu ilichorwa na watu, na watu wengine wakasukumwa nje yake. Maarifa ya vioo viwili nayo yalipitia mlemle. Leo yako mikononi mwangu, na siyarudishi.

Aliporudi Uingereza hakupumzika. Alikuwa mtu wa magari tangu zamani, akatengeneza klachi ya magari iliyoitwa kwa jina lake. Akabuni chujio la mafuta linalotumia karatasi nyingi zilizobanwa pamoja, kimiminika kikipita katikati ya karatasi na karatasi, uchafu ukibaki nje. Ukifikiri vizuri utaona ni mawazo yaleyale ya nafasi nyembamba. Mwaka 1924, akiwa na miaka karibu 70, yeye na mwenzake T. E. Beacham walibuni propela ya ndege ambayo mabawa yake yanabadili pembe hewani kwa nguvu ya mafuta ya haidroli, ili ndege ipae vizuri na pia iende kasi vizuri. Propela za namna hiyo zilikuja kuzisaidia sana ndege za Uingereza katika vita vya mwaka 1940.

Mwaka 1922 alikuwa rais wa chama cha wahandisi wa mitambo cha Uingereza, na alipigania sana utaratibu wa vyeti vya taifa kwa vijana wanaofanya kazi karakanani mchana na kusoma jioni. Hakusahau alikotoka. Alifariki tarehe 30 Januari 1941, akiwa na miaka 86.

Sasa mtauliza, mbona hapo kuna maji peke yake? Habari ya vitu viwili kusukumana ilikuja baadaye. Mwaka 1958, Philip Saffman na Geoffrey Taylor wa Cambridge walichukua vioo vya Hele-Shaw wakavijaza kimiminika kizito, kisha wakakisukuma kwa chepesi. Mpaka kati ya viwili ukakataa kukaa sawa. Ukatoa vidole.

Sababu yake hata mtu wa sheria ataielewa. Maji yakiyasukuma mafuta mazito, mpaka wao lazima uwe na mahali palipochomoza kidogo. Pale maji yanakuwa na njia fupi zaidi ndani ya mafuta, na maji ni mepesi kupita, basi yanakimbilia palepale, panachomoza zaidi. Aliyetangulia anazidi kutangulia. Ukigeuza, mafuta yakayasukuma maji, aliyetangulia anacheleweshwa na mpaka unajinyoosha wenyewe. Kinachozuia vidole visiwe vyembamba kama nywele ni mvutano wa uso, ile nguvu inayolifanya tone la maji liwe duara.

Kwa nini tujali? Kwa sababu mafuta ya petroli yamekaa ndani ya mawe yenye vitundu, na hesabu ya mawe hayo inafanana na ile ya vioo viwili. Uganda ilithibitisha mafuta yake kando ya Ziwa Albert mwaka 2006, na katika mradi wa Tilenga mpango ni kuingiza maji chini ili yasukume mafuta. Bomba la kuyasafirisha lilipangwa kuwa la kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ambako ni nyumbani kwetu. Maji yakitoa vidole vikafika kisimani mapema, unavuna maji, mafuta yanabaki nyuma. Kwa hiyo kujua mpaka ule utakwendaje ni suala la fedha za nchi.

Hiyo ndiyo tasnifu yangu. Kwenye kompyuta nagawa eneo katika vijisanduku vya mraba, kila kijisanduku kina maji au mafuta au mchanganyiko, na programu inahesabu nani anamsukuma nani, hatua kwa hatua. Maji yanaingia katikati, mafuta yanatoka pembeni. Mwaka jana programu yangu ilitoa picha nzuri sana: vidole vinne vilivyonyooka, kimoja kila upande. Nikaiweka kwenye bango la semina, nikapongezwa. Nikaandika sura ya nne. Udhamini ulikuwa umebakiza miezi saba.

Jioni moja mwenzangu wa chumba, Mkenya wa Kisumu anayesoma uhasibu, aliitazama ile picha huku anakunywa chai. Akauliza kwa upole tu, kwa nini mafuta yangu yanapenda kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Nikacheka. Halafu usingizi ukakataa.

Asubuhi nikaenda kwa fundi vioo hapa Fordsburg, akanikatia vipande viwili na kimoja akakitoboa katikati. Kwenye pembe nne nikaweka vipande vya kadi ya simu ili vioo visigusane, nikavibana kwa vibanio. Nikajaza mafuta ya alizeti. Kwa bomba la sindano nikasukuma maji yenye rangi ya chakula kupitia kile kitundu, juu ya meza ya jikoni, mwenzangu akishika tochi.

Jamani! Vidole vilitoka saba, nane, pande zote, vingine vikagawanyika nchani, hakuna msalaba wala dalili ya msalaba. Tukarudia mara kumi na mbili. Kila mara picha tofauti, msalaba hata mara moja haukutokea. Nikarudi kwenye kompyuta nikaizungusha gridi yangu nyuzi 45, mengine yote nikayaacha vilevile. Msalaba ukazunguka pamoja na gridi. Basi, kesi ikaisha. Mafuta hayajui kwamba mimi nimechora vijisanduku. Nilichokuwa nimekichora kwa miezi minne ni vijisanduku vyangu mwenyewe: kila kimoja kilikuwa kinasukumana na majirani wanne tu wa ubavuni, wale wa pembeni kimewasahau.

Nitasema ukweli, nilikaa na siri ile siku tatu. Hakuna aliyekuwa ameigundua. Picha ilikuwa imeshapongezwa, na nyumbani wanaulizia narudi lini. Siku ya nne nikavifunga vioo kwenye gazeti, nikapanda navyo hadi ofisini kwa msimamizi wangu, nikamfanyia jaribio mezani kwake. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba nirudie. Sura ya nne tukaifuta. Nikaandika upya hesabu ili kila kijisanduku kisukumane na majirani wote wanane, na mvutano wa uso nikaupa nafasi yake. Udhamini uliisha kabla sijamaliza, nikafundisha hesabu za sekondari jioni ili kulipa kodi ya chumba. Sasa vidole vya programu vinagawanyika kama vya kwenye vioo, na gridi ikizungushwa haviifuati. Havifanani kimoja kwa kimoja, wala havitafanana, kwa sababu hata vioo vyenyewe havirudii picha. Ninacholinganisha ni idadi na unene wa vidole.

Msinielewe vibaya, kompyuta siitupi. Saffman na Taylor waliacha fumbo: katika mfereji mwembamba hesabu zao ziliruhusu kidole cha unene wowote, lakini mara nyingi kinachoonekana kina nusu ya upana wa mfereji. Taylor alifariki mwaka 1975 bila kupata jibu. Mwaka 1981 Saffman na mwenzake McLean, kwa hesabu za kompyuta zilizoujumuisha mvutano wa uso, walionyesha kwamba nguvu ile ndogo ndiyo inayochagua unene, na miaka michache baadaye wanahisabati wakaeleza kwa nini. Vioo viliuliza, kompyuta ikajibu. Kwangu mimi ilikuwa kinyume chake.

Ndiyo maana nimemchagua Hele-Shaw badala ya mashujaa wetu wa kawaida. Viputo vilipoharibu jaribio lake, alivitazama kabla ya kuvilaumu. Mimi ilibidi nifundishwe hivyo na mhasibu mwenye kikombe cha chai. Wenzangu mnaoandika tasnifu zenu huko mliko, za uchumi, za afya, za chochote, mkiona jibu limenyooka mno, tafuteni vioo viwili vyenu kabla hamjapongezwa.

Vyangu viko nyuma ya mlango, bado vina mafuta ya alizeti pembeni. Anayepita Fordsburg karibu, nitamwonyesha, na chai ipo. Tukutane toleo lijalo, inshallah.